Jina la uwanja lina bei: Songwe isilitoe bure

Miongoni mwa kata za mji wa Tunduma ipo inayoitwa Uwanjani. Ni jina la aina ile isiyolipiwa na kampuni yoyote wala kuzinduliwa na mgeni rasmi. Watu huona uwanja, huuita uwanja, na baada ya muda mtaa mzima huitwa hivyo. Dereva wa bodaboda analijua, mwenye gunia la mahindi analijua, na mfanyabiashara kutoka Nakonde akiambiwa mzigo unashushwa huko hahitaji maelezo marefu.

Taarifa za soko la mpakani kwa kawaida huhusu mahindi, mpunga wa Kamsamba, kahawa ya Mbozi, foleni ya malori na thamani ya kwacha. Ni mara chache kutajwa bidhaa nyingine isiyopimwa kwa kilo wala kwa debe, nayo ni jina. Hata hivyo jina huuzwa, hukodishwa, na wakati mwingine hugawiwa bure na watu wasiojua thamani yake. Katika biashara ya michezo ya siku hizi, jina la uwanja ni mali ambayo mwenye uwanja anaweza kuiuza kabla mpira haujapigwa.

Suala hili linaugusa Mkoa wa Songwe kuliko mikoa mingi. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Mkoa mchanga una majina mengi ambayo bado hayajatolewa. Hata uwanja wa ndege unaoitwa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012, upo ndani ya Mkoa wa Mbeya, na mgeni anayeshuka hapo akidhani amefika Vwawa hana budi kutafuta gari aendelee na safari.

Kwa upande wa mpira hali ni hiyo hiyo. Kwa miaka mingi mashabiki wa Tunduma na Vwawa wanaotaka kuiona Ligi Kuu kwa macho wamekuwa wakienda Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya, safari ya kama kilomita 100 kutoka mpakani. Siku halmashauri mojawapo ya Songwe itakapopata uwanja wa hadhi hiyo, mazungumzo yataanza na saruji, nyasi na majukwaa. Jina litafikiriwa mwishoni kabisa, pengine usiku wa kuamkia sherehe. Mpangilio huo ndiyo hasara yenyewe.

MAJINA HUTOKA WAPI

Ukiangalia viwanja vya Tanzania na nchi jirani, majina hutoka katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni mahali. Mkwakwani ya Tanga na Kirumba ya Mwanza ni majina ya maeneo yaliyopo. Kirumba ni mali ya chama na jina lake kamili ni CCM Kirumba, lakini shabiki wa kawaida hutaja Kirumba tu akaeleweka.

Fungu la pili ni viongozi. Mbeya kuna Sokoine, jina la Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Shinyanga kuna Kambarage, Tabora kuna Ali Hassan Mwinyi, Arusha kuna Sheikh Amri Abeid, mshairi na waziri wa miaka ya mwanzo ya uhuru. Iringa walichukua jina la Samora, na Sumbawanga wakachukua la Nelson Mandela.

Fungu la tatu ni matukio ya historia. Majimaji ya Songea inakumbusha vita ya mwaka 1905 hadi 1907. Uhuru ya Dar es Salaam, na Jamhuri za Dodoma na Morogoro, hazihitaji maelezo.

Fungu la nne ni mwenye fedha. Azam Complex ya Chamazi hubeba jina la kampuni iliyoujenga. Ng'ambo ya mpaka, Uwanja wa Nkana mjini Kitwe hubeba jina linalojulikana kwa mgodi wa shaba. Singida ni mfano mzuri wa mabadiliko: uwanja uliokuwa ukiitwa Namfua ukaja kuitwa Liti, na mwaka 2025 klabu ya Singida Black Stars ikafungua uwanja mwingine uliopewa jina la kampuni ya simu ya Airtel.

Zambia wana pia njia ambayo Tanzania haijaitumia sana, nayo ni kumpa heshima mchezaji mwenyewe. Uwanja wa Kabwe, uliokuwa ukiitwa wa Reli, sasa unaitwa Godfrey Chitalu 107. Namba hiyo ni idadi ya mabao ambayo, kwa kumbukumbu za Zambia, Chitalu alifunga mwaka 1972. Alifariki mwaka 1993 akiwa kocha wa timu ya taifa iliyopata ajali ya ndege Gabon.

MSAJILI NI MDOMO

Mafungu hayo manne yana jambo moja linalofanana. Kila jina huandikwa kwenye karatasi, lakini kazi ya kulisajili hufanywa na mdomo wa mtumiaji. Mdomo ukikataa, karatasi hubaki faili.

Mfano wa karibu ni uwanja wa zamani wa Dar es Salaam ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Uliitwa Taifa, kisha ukaitwa Uhuru, na miaka yote hiyo watu wameendelea kuuita Shamba la Bibi. Nairobi kuna Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi, lakini abiria wa matatu husema anakwenda Kasarani. Uwanja wa Taifa wa Uganda, uliofunguliwa mwaka 1997, una jina la Mandela, lakini Mganda husema Namboole, ambalo ni jina la kilima.

Wapo watakaosema kwamba uwanja mpya wa Dar es Salaam unapinga hoja hii. Ulifunguliwa mwaka 2007, wenye viti vipatavyo 60,000, ukiitwa Uwanja wa Taifa. Julai 2020, wakati wa kumuaga Rais mstaafu Benjamin Mkapa, Rais John Magufuli alitangaza uitwe kwa jina la marehemu. Jina lilishika mara moja.

Ni kweli, lakini lilishika kwa sababu gani? Mashabiki waliligeuza kuwa maneno ya mtaani. Walisema "Kwa Mkapa", kama mtu anayetaja nyumba ya mzee anayemfahamu. Wana Simba wakaongeza kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, na wengine wakauita Lupaso, kijiji alichozaliwa Mkapa huko Masasi. Tangazo lilitoka juu, lakini jina likapata nguvu chini. Lingekuwa jina refu lisilotamkika, lingebaki kwenye ukuta wa lango kuu.

SOMO LA NYAYO

Kwa mfanyabiashara, gharama ya kutokuelewa jambo hili ilionekana Nairobi mwaka 2009. Uwanja wa Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, ulichukua jina la kaulimbiu ya Rais Moi ya kufuata nyayo za aliyemtangulia. Februari 2009 kampuni ya Coca-Cola ilitangaza kununua haki ya jina kwa miaka mitatu kwa dola milioni 1.5 za Marekani. Uwanja ungeitwa Uwanja wa Taifa wa Coca-Cola.

Neno moja liliharibu biashara. Serikali ya Kenya ilitaka neno Nyayo libaki ndani ya jina jipya. Kampuni haikuridhika, ikajitoa. Kwa hesabu ya kawaida hizo zilikuwa dola 500,000 kwa mwaka, na zilipotea kwa sababu pande mbili zilitia saini kabla ya kukubaliana ni kitu gani hasa kinauzwa. Mmoja alidhani amenunua nyumba yote, mwingine alidhani amepangisha chumba.

Nani alikosea? Kampuni ilikosea kudhani kwamba jina ambalo mji ulikuwa umelizoea kwa robo karne lingefutika kwa hundi. Serikali ilikosea kupeleka sokoni mali ambayo haikuwa imeiwekea mipaka. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Uingereza nako mambo hayakuwa tofauti. Novemba 2011 uwanja wa Newcastle, St James' Park, ulibadilishwa jina ukaitwa Sports Direct Arena, kwa jina la kampuni ya mwenye klabu. Mashabiki hawakulikubali. Oktoba 2012 kampuni ya mikopo ya Wonga ilipoingia udhamini ilinunua pia haki ya jina, kisha ikalirudisha lile la zamani. Kampuni hiyo ilitambua kwamba kurudisha jina la wenyeji ni tangazo kubwa kuliko kulifuta.

MDHAMINI NAYE HUFILISIKA

Ipo hatari nyingine ambayo wenye hisa wanapaswa kuijua. Jina la kampuni likibandikwa ukutani, kuanguka kwa kampuni kunaonekana na kila apitaye njia. Mwaka 1999 kampuni ya nishati ya Enron iliingia mkataba wa miaka 30, wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100, wa jina la uwanja wa besiboli mjini Houston, Marekani. Desemba 2001 Enron ikafilisika. Klabu ililazimika kutoa dola milioni 2.1 mwaka 2002 ili kulinunua tena jina la uwanja wake yenyewe.

Miaka 20 baadaye kosa likajirudia. Ukumbi wa mpira wa kikapu wa Miami, ambao ni mali ya serikali ya mitaa ya Miami-Dade, ulipewa mwaka 2021 jina la FTX, kampuni ya sarafu za mtandaoni, kwa mkataba wa miaka 19 na dola milioni 135. Novemba 2022 FTX ikafilisika. Mkataba ulivunjwa, na mwaka 2023 kampuni nyingine, Kaseya, ikachukua nafasi hiyo. Halmashauri yoyote ya Tanzania inaweza kujiona katika kioo hicho, kwa kuwa hata huko mwenye mali alikuwa ni serikali ya mitaa.

SONGWE IFANYE NINI

Halmashauri za mpakani zina haja ya kweli ya mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu na hilo lilikuwa jambo jema, lakini sanduku la halmashauri linalotegemea mahindi na kahawa lilipungua. Chanzo chochote kipya kisichomkamua mkulima wala mwenye genge kinastahili kufikiriwa, na jina la uwanja ni mojawapo.

Jambo la kwanza ni kuutaja uwanja mapema, kwa jina la wenyeji, na kuliingiza katika kumbukumbu za baraza la madiwani kabla tofali la kwanza halijawekwa. Songwe haina uhaba wa majina. Kijijini Ndolezi, wilayani Mbozi, kipo kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa kati ya tani 12 na 16, kimoja kati ya vikubwa duniani, na timu ya Mbozi iliyowahi kucheza Ligi Daraja la Kwanza ilijiita Kimondo. Ni jina fupi, linatamkika Tunduma, Lusaka na Lubumbashi, na halina mpinzani. Tunduma wenyewe wakipenda kubaki na Uwanjani, nalo ni jina kamili.

Jambo la pili ni kutenganisha jina na kiambatisho. Jina la wenyeji lisiuzwe. Kinachokodishwa kiwe ni neno la mdhamini linalotangulia au kufuata, kwa miaka mitano au chini ya hapo, na kwa zabuni ya wazi inayobandikwa kwenye mbao za matangazo. Mdhamini ajue tangu mwanzo anachopata, asije akalia kama waliolilia Nyayo.

Jambo la tatu ni hesabu. Chukua mfano wa mdhamini anayetoa shilingi milioni 50 kwa mwaka kwa miaka mitano. Kwa maneno ni shilingi milioni 250. Lakini mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 kwa mwaka, malipo ya mwaka wa tano yatanunua vitu vya shilingi milioni 41 tu kwa bei za leo. Mkataba usio na kifungu cha kupandisha malipo kila mwaka ni mkataba wa kumpunguzia mdhamini kodi ya pango kimya kimya.

Jambo la nne ni kifungu cha kuanguka. Mdhamini akifilisika, akifungiwa na mamlaka au akishindwa kulipa kwa muda uliowekwa, jina lake litoke ukutani bila halmashauri kulipa senti, na gharama za kufuta mabango ziwe zimekwisha kuwekwa benki tangu siku ya saini.

Kwa upande wa mwekezaji mdogo mwenye hisa katika kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, yapo maswali ya kuuliza katika mkutano mkuu wa mwaka. Fedha ya udhamini ni fedha yake. Je, kampuni imenunua jina ambalo watu watalitamka, au imenunua rangi ya ukuta? Je, jina hilo litatumika katika mashindano yote? Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 uwanja wa FNB wa Johannesburg, wenye jina la benki, uliitwa Soccer City muda wote wa fainali, kwa kuwa FIFA haitambui majina ya wadhamini wasio wake. Anayelipia jina alipe kwa siku ambazo jina litaonekana.

HOJA YA HESHIMA

Wapo wanaopinga biashara hii kwa msingi kwamba jina la uwanja ni heshima na heshima haiuzwi. Hoja hii haifai kupuuzwa. Hakuna mwenye akili timamu atakayependekeza kuondoa jina la Sokoine Mbeya au la Majimaji Songea ili kubandika la kiwanda cha sabuni. Viwanja hivyo vilipewa majina wakati nchi ilikuwa ikijikumbusha ilikotoka, na majina hayo yamefanya kazi yake vizuri.

Lakini heshima nayo ni matumizi ya mali, na matumizi huamuliwa mezani. Jina la kiongozi likitolewa kwa haraka jukwaani ili kumfurahisha mgeni, halmashauri imetumia mali ambayo haitaipata tena, kwani hakuna diwani atakayethubutu kesho kupendekeza liongezewe tangazo la bia. Kama Songwe itaamua kumuenzi mtu, na iamue kwa kura, ikijua imeacha kiasi gani mezani. Hapo itakuwa imetoa heshima ya kweli, kwa sababu imeilipia.

Wapo pia watu wasiotajwa kabisa katika mijadala hii, nao ni wafanyabiashara wadogo wanaouzunguka uwanja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama lishe, mwenye nyumba ya wageni na fundi pikipiki hutumia jina la mahali kama anwani. Limeandikwa kwenye bango, kwenye stakabadhi na kwenye leseni. Jina likibadilishwa kila mdhamini anapobadilika, gharama ya rangi na uchapaji inakuwa yao, na mteja wa Nakonde aliyezoea jina la zamani anapotea njia. Jina la kudumu la wenyeji ndilo linalowalinda.

Wabadilisha fedha wa mpakani wanalielewa jambo hili kuliko wataalamu. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu katika fedha yake. Noti zilibadilika, daftari zikabadilika na hesabu za mizigo zikabadilika. Jina la kwacha halikuguswa, na biashara iliendelea. Serikali ya nchi ile ilijua kitu gani kinaweza kubadilishwa na kitu gani watu wamekwisha kukizoea.

Halmashauri za Songwe zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ya kikao kimoja. Jina la uwanja liandikwe leo kwenye muhtasari wa baraza, lipigiwe kura na lifungiwe kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Mdhamini atakapobisha hodi, atakuta mwenye nyumba yupo na kodi ya pango inajulikana.